Mkebe wa Mikato

"Mficha mkato hukata pumzi ya mwanawe." Ndiyo methali mliyoisikia leo kwenye maandalizi ya harusi, Mama Mkanyika alipomrushia wifi yake aliyeficha upawa ili wali wa mwenzake uungue. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mkato, alama ya kuandikia, umeingiaje jikoni. Basi haukuanzia jikoni, ulianzia kiwandani. Kaeni niwaeleze, na asinikatize mtu, maana nikikatizwa huwa narudi mwanzo.

Zamani huku kwetu Taita kanisa lilikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Siku hizo hakukuwa na kompyuta. Kila herufi ilikuwa kijipande cha madini ya risasi, inaokotwa kwa vidole na kusimamishwa kwenye mstari wake. Mkato ulikuwa na kijipande chake, na nukta mkato hali kadhalika. Wapanga herufi walikuwa wawili, Righa na Mwadime. Walianza kazi siku moja na mchana walikula sahani moja, ila kila mmoja alikuwa na droo yake ya herufi, yenye vyumba vidogo vidogo, na ilikuwa haramu kutia mkono katika droo ya mwenzako.

Kulikuwa na desturi pia. Kitabu kikiisha, aliyekipanga alipewa nakala ya kwanza kutoka mashineni, na Jumapili Kasisi Mwandawiro alimsimamisha kanisani akamtaja jina. Righa alikuwa amesimama mara nyingi kwa vitabu vya nyimbo. Watu walishazoea.

Ikaja kazi mpya. Shule zilitaka kitabu cha kuwafundisha watoto mahali pa kuweka mkato na nukta mkato katika sentensi za Kiingereza. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa hakijawahi kupangwa pale, na Kasisi akampa Mwadime.

Righa alimpa mwenzake mkono wa hongera, lakini moyo ulimwaka. Kwa nini huyu? Kiingereza chake kina nini ambacho changu hakina? Jioni mkewe akasema, huku akipuliza moto, "Nasikia Mwadime ndiye wa Kiingereza sasa." Mama wa watu hakuwa na neno, alikuwa anazungumza tu. Righa akasukuma sahani.

Kila siku alimtazama Mwadime akiokota. Kitabu cha mikato hula mikato, na kila mfano ulidai yake. Righa akaona mkono ule ukienda kwenye vyumba vilevile viwili, na wivu ukamwonyesha njia. Mwadime alipotoka kunawa, Righa akakomba mikato yote na nukta mkato zote, akazitia katika mkebe wa tumbaku, akaenda kuufukia migombani kwake.

Mwadime alitafuta hadi chini ya mashine. Hakumshuku mtu, kwa kuwa droo ya mtu haiguswi.

"Righa ndugu yangu, niazime zako."

"Zangu zote zimefungwa kwenye kurasa za nyimbo zinazosubiri kuchapwa," Righa akajibu. "Pole sana." Na kweli alisikia utamu kuisema ile pole.

Herufi mpya zingetoka mbali, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kasisi akaamua kitabu kichapwe vivyo hivyo, kikiwa na mapengo, kisha alama zitiwe kwa kalamu ya wino. Wakagawana vitabu wakavitie alama nyumbani, yeye, Mwadime na Righa. Righa akausukuma mzigo wake chini ya kitanda, na siku ya kurudisha akaurudisha kamba haijafunguliwa, na hakuna aliyeukagua. Mwalimu atakayeletewa atalalamika, alijisemea, na atauliza ni nani aliyepanga takataka hii. Hapo Mwadime atasimama kanisani vizuri! Kwamba mzigo utapelekwa shule gani, hakuuliza.

Sasa Righa alikuwa na binti, Mghoi, anayemaliza shule ya msingi. Kanisa lilikuwa limetoa nafasi moja ya shule ya bweni kwa msichana atakayesoma Kiingereza vizuri kuwashinda wenzake, mbele ya wazazi, katika kitabu kipya ambacho hajapata kukiona. Righa hakuwa na namna nyingine ya kumsomesha. Mwalimu alimfunza Mghoi: kwenye mkato vuta pumzi, kwenye nukta mkato tulia kidogo zaidi, kwenye nukta maliza. Mtoto akajizoeza hata akichota maji.

Siku ikafika. Kila shule ilikuja na vitabu vyake, vile vya mikato, vilivyofika asubuhi ileile. Msichana wa kwanza akasoma kwa utulivu, akapigiwa makofi. Mghoi akafuata. Akafungua, akaanza vizuri, akaenda, akaenda, macho yakitafuta alama ya kupumzikia. Hakuna. Na alifunzwa asipumue pasipo alama. Sauti ikapanda, ikakwaruza, pumzi ikamwishia katikati ya neno, akakohoa hadi machozi. Wazazi wakaangua kicheko. Aliyekaa nyuma yake aliona kurasa za kitabu kile, mapengo matupu, hazina hata tone la wino wa kalamu. Righa ndiye aliyekuwa amekaa nyuma yake.

Njiani Mghoi akamuuliza, "Baba, nilikosea wapi? Nilitafuta mahali pa kupumua sikupaona."

Righa alikwenda migombani, akafukua mkebe, akaupeleka kwa Mwadime. Mwadime akaufungua, akaiona mikato yake.

"Nilitaka uaibike wewe," Righa akasema. "Nilikuonea wivu mpaka nikaugua."

"Mimi nilishatajwa kanisani, Righa. Sikupungukiwa kitu." Mwadime akafunga mkebe taratibu. "Uliponificha mkato, ulikata pumzi ya mwanao."

Kisha akaingia ndani, akarudi na nakala yake ya kwanza, ile ya heshima, aliyokuwa ameitia alama zote kwa mkono wake. "Mpelekee Mghoi ajifunzie. Atasoma siku nyingine."

Basi Righa akaenda nayo nyumbani, nakala ileile iliyomkosesha usingizi, sasa i mikononi mwake, na hakuna mzigo aliowahi kubeba ukamwelemea hivyo. Mghoi alisoma na kusoma katika kitabu kile, na sauti yake ikatulia. Lakini nafasi ilikuwa moja tu, na ilikwisha kwenda kwa mwingine.

Haya, nendeni mkamwambie wifi yake Mama Mkanyika aurudishe ule upawa. Wali ukiungua, na watoto wake pia wataula huohuo. Akiwauliza mmetumwa na nani, msinitaje. Mwambieni tu: mficha mkato hukata pumzi ya mwanawe.