Mizinga Saba ya Mjane

Ndugu zangu, fungeni Biblia zenu kwanza, mpumzishe macho. Nataka kuwasimulia habari za mama mmoja.

Mama huyu alikuwa mjane. Kijiji chake kilipakana na msitu wa miombo, na mumewe alipofariki alimwachia watoto wawili, nyumba ya udongo, na kipande cha msitu nyuma ya nyumba. Wengine walikitazama kile kipande wakaona kuni. Yeye aliona nyuki. Baba yake alikuwa mrina asali, na siku za mavuno yeye, akiwa mtoto wa miaka sita au saba, ndiye aliyembebea kibuyu. Alisimama chini ya mti, mikono ikinata mpaka viwikoni, akisema moyoni: nikikua, na mimi nitakuwa na mizinga yangu. Baba alikufa mapema. Ndoto ile haikufa naye.

Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na usemi wao: mwanamke hatundiki mzinga. Usemi huo ulianzia wapi? Hakuna aliyejua. Lakini kila mtu aliusema.

Mama yule akaazima tezo, akachonga magogo mwenyewe. Mwaka mzima alichonga, kidogo kidogo, akitoka shamba. Ikapatikana mizinga saba. Akaitundika mitini, mmoja baada ya mwingine, na alipomaliza akasimama chini ya ule wa kwanza akaomba kwa sauti, maana hakujua kuomba kwa kunong'ona: "Bwana, mimi kazi yangu nimeifanya. Walete nyuki." Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, alisimama palepale, akaomba vilevile. Njia ya watu ilipita karibu. Kila mwenye masikio alimsikia.

Miombo ikachanua. Msitu mzima ukavuma. Mama akapanda ngazi, akaweka sikio kwenye mzinga. Kimya. Akahamia wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Kimya kitupu.

Akasema, labda mwakani. Mwaka wa pili alipandisha mizinga juu zaidi, ngazi ikateleza, akaanguka akavunjika mkono. Miezi miwili alipalilia mahindi kwa mkono mmoja. Na mizinga? Hakuingia hata nyuki mmoja.

Siku moja kisimani akakutana na jirani yake. Jirani huyu alikuwa mrina asali hodari kuliko wote pale. Mizinga yake hata hesabu yake watu hawakuijua. Akamtazama mama mbele ya watu, akasema, "Dada, nyuki wana akili zao. Wakishaona mwenye mzinga amejifunga kitenge, wanapita juu."

Watu wakacheka. Mama akajitwika ndoo yake akaondoka, na njia nzima maji yalimmwagikia mabegani. Akajiapia kwamba kwenye mlango wa mtu yule hatakanyaga kamwe.

Mwaka wa tatu ukaja. Ndugu zangu, niambieni, nani hapa angefika mwaka wa tatu? Mimi mchungaji wenu nasema kweli, ningekuwa nimeshaipasua mizinga nikapikia ugali. Mama yule akaitundika tena. Kila asubuhi akaomba. Miombo ikaanza kuchanua tena, na mizinga ikabaki mitupu.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja nyumbani. Hakuja kwa ubaya. Alikaa, akanywa uji, kisha akasema, "Shemeji, nimekusubiri miaka mitatu kwa heshima ya kaka. Watoto hawana viatu. Ndoto hailiwi. Huu msitu tuukate tuchome mkaa."

"Nipe msimu huu uishe," mama akasema.

"Mvua za kwanza zikinyesha, nakuja na watu na mashoka. Usinichukie."

"Sikuchukii, shemeji."

Alipoondoka, mama akaenda msituni, akasimama chini ya mzinga kama kawaida yake. Akafungua kinywa aombe. Maneno yakagoma. Miaka mitatu ameomba yaleyale. Leo aseme nini kipya? Akakaa chini, akaegemea mti. Na katika ule ukimya likamjia wazo lililomchoma kama mwiba: nimemwuliza Mungu kila siku ya maisha yangu. Mwanadamu nimemwuliza lini?

Alijua ni nani wa kuulizwa. Alijua pia alichojiapia. Alikaa pale mpaka jua likawa kali, akipigana na moyo wake mwenyewe, na nawaambieni, kuchonga magogo saba kulikuwa rahisi kuliko zile hatua mia mbili mpaka nyumbani kwa jirani. Lakini alizipiga.

"Hodi."

Yule mrina asali alikuwa uani, anasokota kamba za magome. Mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi. "Karibu, dada," akasema, macho yakiwa kwenye kamba.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kujifunza. Nyuki hawaingii kwangu, na sijui nakosea wapi."

Mwanamume akaendelea kusokota. "Mizinga yako unaiandaaje kabla ya kuitundika?"

"Naisafisha, kaka. Naisugua kwa sabuni ya unga, ndani na nje, kila mwaka, mpaka inanukia. Nyuki ni viumbe wasafi. Baba nilimwona akirina tu. Akiandaa mizinga sikuwahi kumwona."

Mikono ya mwanamume ikasimama. Ndipo sauti ikatoka jikoni. Mkewe alikuwa ameinuka, mwiko mkononi.

"Mwambie," akasema. "Mwambie, baba, au nimwambie mimi. Si ulipita pale mwaka ule wa kwanza ukainusa ile mizinga? Si ulirudi hapa ukacheka mpaka ukakaa chini? Ukaniambia, yule mama ameosha mizinga kwa sabuni, nyuki hawatasogea hata akiomba miaka kumi!"

Jua lilikuwa linawaka, lakini ua ule ukawa kama umeingiwa na baridi. Mama akamtazama jirani yake. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka mitatu?"

"Hukuniuliza," akasema mwanamume, na hata yeye akasikia jinsi neno lile lilivyokuwa dogo.

"Kila asubuhi ulipita njia ile," mama akasema polepole. "Kila asubuhi ulinisikia namwuliza Mungu."

Mwanamume akainamisha kichwa. Mama angeweza kumtukana, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kugeuka akaondoka, shemeji akate msitu, naye abaki na hasira yake maisha yote. Machozi yalikuwa karibu. Akayameza.

"Basi sasa nakuuliza," akasema. "Nifanyeje?"

Mwanamume akainuka. Aliingia ndani akatoka na bonge la nta, akamfuata mama msituni. Wakaishusha mizinga yote saba. Akamfundisha kuipitishia nyasi zinazowaka mpaka harufu ya sabuni itoke, kisha kuipaka nta iliyoyeyushwa, ndani na mlangoni. Akamwonyesha kugeuza milango isielekee upepo. Wa mwisho alipanda nao mwenyewe, akautundika, akashuka, akasimama mbele ya yule mjane kama mtoto aliyevunja chungu.

"Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe," mama akasema. "Lakini wakiingia, utanifundisha na kurina."

Siku ya tisa mvua za kwanza zikanyesha. Siku ya kumi shemeji akaja na watu watatu, mashoka mabegani, kama alivyosema. Wakaukaribia mti wa kwanza. Aliyekuwa mbele akainua mkono wenzake wasimame. Juu yao palikuwa na mvumo, mzito, kama mtu anayeguna kifuani. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka mlangoni mwa mzinga, miguu imejaa chavua. Shemeji akashusha shoka. Akamtazama mama, akacheka, akafuta uso. "Shemeji," akasema, "umenishinda."

Mizinga minne kati ya saba iliingiwa na nyuki msimu ule. Mitatu ilibaki mitupu, na mwaka uliofuata akaihamisha. Msitu haukukatwa. Na leo katika kijiji kile ule usemi wa mwanamke hatundiki mzinga hausikiki tena.

Sasa sikilizeni, wapendwa, maana najua mnangoja nini. Mnangoja niseme: vumilieni, msikate tamaa, ndoto zenu zitatimia. Nitasema. Wewe uliyerudia mtihani mara tatu, wewe unayeshona usiuze, wewe uliyeambiwa kazi hii si ya watu kama wewe: usishushe mzinga wako. Mungu hakukuwekea hamu ile moyoni akudhihaki. Lakini usiwe mtu wa kuvumilia kosa lilelile kila mwaka ukaliita imani. Piga magoti, ndiyo. Kisha inuka, meza aibu, ukapige hodi. Imani haikuzuii kuuliza. Pengine ni kiburi kinachokuzuia.

Hilo ni moja. La pili ndilo lililonifanya niisimulie habari hii.

Mama yule alidhani Mungu amenyamaza miaka mitatu. Je, alinyamaza? Jibu la maombi yake lilikuwa likipita njiani kila asubuhi. Lilikuwa na miguu. Lilikuwa na nta nyumbani. Lilimsikia akilia, likacheka, likaenda zake.

Nilipokuwa nasimulia, kila mmoja wetu alijiona yeye ndiye mjane. Sivyo? Sisi sote ni wajane tulioteseka. Basi ni nani aliyekuwa mrina asali? Nani hapa anajua fomu inajazwaje, na jirani yake amekataliwa mara nne? Nani anajua kwa nini kuku wa mwenzake wanakufa, na amekaa anatazama? Nani anamsikia mtu akiomba, kupitia ukuta wa nyumba, na anajua dawa yake, na anasema moyoni, hajaniuliza?

Sitawaambia mtazame mlioketi nao. Sisi wenyewe tunajijua. Ibada hii ikiisha, kabla hujafika kwako, kuna mlango unaoujua. Wewe ndiye jibu ambalo mtu yule analiomba. Usingoje aje. Nenda wewe ukapige hodi.