Ufunguo wa Kona ya Saba

Hapo zamani, siku ambazo barabara ya kuteremka kutoka Kwemlole ilikuwa bado ya changarawe na kona zake zikiitwa kwa namba, palikuwa na gari moja jekundu la mashindano. Injini yake ilikuwa kubwa, na nguvu zote zilikwenda kwenye matairi ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, mkia ulitaka kutangulia kichwa.

Mwenye gari aliitwa Eliezeri Yonathani Shekalaghe, karani wa kiwanda cha chai. Alikaa nalo siku arobaini na moja. Siku ya arobaini na mbili gari lilizunguka kwenye kona ya saba, likaingia korongoni. Eliezeri alifariki pale pale. Baba yake, Mzee Yonathani Shekalaghe, aliyekuwa ameketi kando yake, alitolewa akiwa amevunjika bega.

Watu walisema ni kasi ya Eliezeri. Mchungaji alisema hivyo hivyo kanisani, kwa maneno ya upole. Mzee Yonathani hakusema kitu.

Gari lilivutwa kutoka korongoni na Fidelisi Mhina, fundi wa gereji ya sokoni. Damari, dada wa Eliezeri, mwalimu wa hesabu, alikataa liuzwe kama chuma chakavu, basi Fidelisi akalitengeneza. Mzee Yonathani akalifungia ghalani, ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba.

Miaka minne ilipopita, Damari aliuomba ufunguo ule. Mzee akaita wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi, akasema, "Ufunguo huu atapewa yule atakayenivusha kona ya saba, nami nimeketi pale pale nilipoketi, akanitoa mzima. Asipopatikana, gari litakatwa vipande."

Damari hakuwa amewahi kuendesha kitu kikali kuliko pikipiki ya shule. Akamwendea Hemedi Mwinchande, mzee wa Pangani, aliyewaendesha maofisa wa serikali kwa miaka ishirini na miwili bila kumkwaruza hata mmoja. Kila Jumamosi Mzee Yonathani aliuvua ufunguo akawaazima, na jioni akauvaa tena. Kila Jumamosi Hemedi na Damari walishuka hadi uwanja wa ndege wa shamba la mkonge, uliokuwa hautumiki tena, wakamwaga mapipa ya maji juu ya udongo.

Hemedi alimfundisha kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Alimfundisha kwamba mkia ukiteleza kulia, usukani nao uende kulia. Alimfundisha kutokuondoa mguu kwa hofu, na kuyapeleka macho anakotaka kwenda, si kwenye kile anachokiogopa. Damari alizunguka kama pia. Wakata mkonge waliokuwa wakipita walimwuliza kama mwalimu anatafuta sindano aliyoiangusha.

Alipoyaweza hayo, Hemedi akaanza jambo jingine. Gari likiwa katikati ya mwendo, bila kumwonya, alivuta breki ya mkono. Matairi ya nyuma yakafunga, gari likageuka nyuma mbele. Damari akamwambia kwamba amerukwa na akili.

"Bado," Hemedi akajibu. "Tena."

Mara kumi na moja alivuta, mara kumi na moja Damari alishindwa. Mara ya kumi na mbili alilirudisha gari kwenye mstari.

Siku ikafika. Hemedi, Fidelisi na wale wazee wawili wakasimama kando ya kona ya saba, upande wa mlima. Saa nne asubuhi wakalisikia gari likiteremka, na Hemedi akakunja uso, maana mlio ule haukuwa wa mwendo aliomfundisha.

Gari likatokea. Likaingia kwenye kona, likakaa vizuri. Kisha, pasipo sababu iliyoonekana, mkia ukafyatuka kuelekea korongoni. Mzee mmoja wa kanisa akafumba macho. Kichwa cha gari kikautazama mlima, tairi moja la nyuma likapita juu ya nyasi za ukingo na mawe yakaporomoka chini. Halafu mkia ukarudi, polepole, gari likanyooka, likasimama hatua ishirini mbele. Kona ya saba ilikuwa nyuma yake.

Vumbi lilipotua, walimwona Mzee Yonathani ameketi wima, mkono wake wa kulia umeishika breki ya mkono iliyosimama, na vidole vimekataa kufunguka.

"Baba," Damari akasema. "Achia."

Mzee aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Hata siku ile," akasema. "Hata siku ile nilivuta."

Yule mzee wa kanisa aliyefumba macho aliketi chini, barabarani, na suti yake. Damari alishuka, akashika mlango, na kwa muda mrefu hakuweza kuuachia. Miaka minne iliyopita walikuwa wamemzika kaka yake pamoja na kosa lisilo lake.

Ndipo Fidelisi Mhina akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alijua. Alipolitoa gari korongoni aliikuta breki ya mkono imesimama hadi jino la mwisho, na usukani umepinda pande zote mbili, mahali ambapo mikono miwili ya Eliezeri iliushikilia.

Damari akamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningemwambia nani? Mzee alikuwa amezika mwanawe kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa shingoni. Niliogopa tungemzika na yeye." Akaendelea, "Lakini leo asubuhi nililegeza waya wa breki ile. Imeng'ata nusu tu. Ingeng'ata yote, mngekuwa kule chini. Mimi ndiye niliyemvusha. Nipeni ufunguo, nilifunge gari hili lisiue tena."

Hemedi akamgeukia. "Ulibadilisha gari bila kumwambia dereva? Mikono yake imezoea breki inayong'ata yote. Angerudisha usukani kupita kiasi, ungemwua wewe. Katika kazi yangu maofisa wanne walinishikia breki ya mkono kwa woga, ndiyo maana nilimvutia binti huyu mara kumi na mbili. Mimi ndiye niliyemvusha Mzee. Nipeni ufunguo, nifundishe wengine."

Fidelisi akasema kwamba uwanja wa ndege hauna korongo, na kwamba kushinda mara moja kati ya kumi na mbili si kujua.

Damari akawakatiza. "Kwenye usukani ilikuwepo mikono mingapi? Miwili, yote yangu. Mimi ndiye niliyemvusha. Nipeni ufunguo, niliendeshe gari la Eliezeri kupita mbele ya kila aliyesema aliuawa na kasi yake."

"Na mbona uliingia kwa kasi ile?" Hemedi akauliza.

Damari hakuficha. "Ndiyo kasi waliyosema ilimwua. Nilitaka Baba aione kona ikipitika."

"Uliniogopesha kwa makusudi," Mzee Yonathani akasema.

"Ndiyo, Baba. Sikujua ukiogopa unafanya nini."

Mzee akateremka. Akaivua kamba shingoni, akauweka ufunguo juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto. Akasema yeye alitoa neno mbele ya mashahidi na hawezi kulirudisha, ila asiulizwe kuchagua, maana mkono wake umekwisha kuchagua mara mbili. Akaanza kupanda mlima kwa miguu, peke yake, kuelekea kwa mchungaji.

Wazee wawili wakabaki wakiutazama ufunguo. Fundi aliilegeza breki, akaficha ukweli miaka minne. Mwalimu wa udereva aliifundisha mikono, akaifundisha mahali pasipo korongo. Binti aliliokoa gari, baada ya kumtia baba yake hofu iliyouvuta mkono ule.

Haya, ninyi mliosikia: kwa neno la Mzee Yonathani Shekalaghe, ufunguo ule ulistahili kuvaliwa shingoni mwa nani?