Radi Tatu na Nyuki Mmoja

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za juzijuzi tu, palikuwa na mama mmoja Morogoro, Bi Sikudhani, mwenye banda la gemu. Watu walicheza gemu moja ya vita ndani ya chombo cha angani, watatu kwa watatu. Banda lilikuwa na sheria: ukimaliza wiki bila kufa, jina lako linaandikwa ukutani kwa chaki. Ukifa, Bi Sikudhani analifuta mwenyewe, hata uwe mwanawe wa kumzaa.

Silaha zilikuwa mbili. Radi, mzinga mkubwa, pigo moja mtu chali, lakini ikishapiga lazima ipoe, uhesabu mpaka saba. Na Nyuki, kibunduki cha risasi hafifu. Radi waliigombania. Nyuki aliachiwa wageni na wanaojifunza.

Shufaa peke yake, binti wa vidole vizito, hakumdharau. Mwezi mzima alikaa na daftari, akihesabu. "Nyuki anaua kwa hesabu ya mbili," akasema. "Uwanjani Radi ni mfalme. Kwenye ujia mwembamba, ikishapiga, umeshika gogo." Wakamcheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ya fainali wakaja vijana wa banda la Kihonda, watatu, Radi tatu. Banda litakaloshinda lingepeleka mchezaji mmoja Dodoma, kwenye mashindano makubwa. Safari hii wenzake wawili wa timu, Gaspari na Nasoro, wakamsikiliza Shufaa. Gaspari, ambaye jina lake lilikaa ukutani majuma tisa, akajitokeza ujiani makusudi. Radi zote tatu zikamwangukia. Chali! Papo hapo Nasoro akaingia na Nyuki. Mbili, wa kwanza. Nne, wa pili. Sita, wa tatu. Saba haikufika!

Banda zima likarindima. Bi Sikudhani alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Kisha akakumbuka sheria, akachukua kitambaa, akalifuta jina la Gaspari, na moyo ukamuuma kweli.

Sasa fomu ya Dodoma iko mezani, ina mstari mmoja tu wa jina.

"Bi Siku, daftari haliui mtu," akasema Nasoro. "Walioua ni vidole hivi. Dodoma watu wanaenda kupigana."

"Na hivyo vidole nani aliviambia vishike Nyuki?" akadakia Shufaa. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukinicheka? Ungeingia na Radi yako, ungeua mmoja, wawili wangekuzika!"

Gaspari, mtu wa maneno machache, akautazama ukuta. "Daftari bado lipo. Vidole bado vipo. Changu mimi kiko wapi?"

Bi Sikudhani akainua kalamu, akaishusha, akainua tena. Wote watatu aliwapenda, na wote watatu walikuwa wakimtazama mkono.

Haya, jamani, nyie mliocheka na Nyuki na nyie mliomcheka Nyuki, kalamu ndiyo hiyo. Je, nani alistahili Dodoma?