Ulimi Uliofungwa Barazani

Ulimi uliofungwa barazani haufunguki mtoni. Ndivyo alivyosema Bibi Nambike juzi kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti alipowauliza vijana kama wana la kusema, nanyi nyote mkainamia viatu vyenu. Sasa mnataka kujua ameutoa wapi msemo huo. Chanzo chake hakina raha, lakini mmeuliza wenyewe. Methali hii ilizaliwa hivi.

Zamani, huko juu milimani Upare, palikuwa na kijiji kilichoitwa Nkombeni, na uhai wa Nkombeni ulikuwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe linalokinga kijito. Usiku maji yanajikusanya, asubuhi kizibo cha gogo kinavutwa kwa kamba, na maji yanateremka kwa mfereji hadi mashamba ya bondeni. Bila ndiva hapakuwa na mahindi wala maharage, na kijiji kingebaki jina tu.

Mkuu wa ndiva alikuwa Mzee Semboja, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Hakuwa mtu mbaya. Nawaambieni mapema msije mkamtafutia pembe kichwani. Aliilinda ndiva kama alivyoachiwa na baba yake. Yeye peke yake ndiye aliyetoa ruhusa ya kuvuta kizibo, na aliyekivuta bila ruhusa alitengwa na kijiji, yeye na wazazi wake.

Tena palikuwa na desturi. Siku ya msaragambo, baragumu lilipolia na watu wote wakatoka kuzibua mfereji na kukandika ukuta, waliobeba mawe na tope walikuwa vijana, na kwa hiyo waliitwa mikono. Baraza lilipokaa jioni, mikono ilikaa nyuma, ikasikiliza, ikanyamaza. Kijana akithubutu kutoa neno, hakuadhibiwa yeye. Aliadhibiwa baba yake. Alitakiwa alete mtungi wa dengelua, ile pombe ya miwa, awamiminie wazee wenzake akiwa amepiga magoti, nao wamtanie mpaka mtungi ukauke. Ilikuwa desturi ya kijanja sana. Fimbo ya mgongoni kijana huivumilia, lakini nani atavumilia kumwona baba yake amepiga magoti?

Nakijwa binti Mbonea alikwisha kumwona. Mwaka wa nyuma kaka yake, Mcharo, alisema barazani kwamba zamu za maji hazikuwa za haki, na Mzee Mbonea, na mvi zake zote, akapiga magoti mbele ya watu wa rika lake. Mcharo hakusema tena. Aliteremka tambarare kwenye mashamba ya mkonge, hata salamu hakuleta. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo Nakijwa akabaki na baba yake, wawili tu nyumbani.

Huyu Nakijwa alikuwa kiongozi, ila hakuna aliyemwita hivyo. Kwenye msaragambo yeye ndiye aliyepanga mstari wa kupokezana mawe. Wavivu aliwatania mpaka wakaona haya, na waliogombana aliwapa jiwe moja zito walibebe pamoja. Akianza wimbo, vijana wote waliitikia. Wazee waliona kazi inakwenda, wakasema mwaka huu mikono ina nguvu.

Basi msimu mmoja, masika yakikaribia, vijana waliokuwa wakikandika chini ya ukuta waliona maji yakichuruzika. Ndiva kuvuja si ajabu. Lakini maji haya yalitoka na tope, maana yake ukuta ulikuwa unaliwa kwa ndani. Wazee walikuwa wamesimama juu penye pakavu, hawakuona kitu. Vijana wote wakamtazama Nakijwa.

Kabla baraza halijakaa alimwendea baba yake, akamweleza, akamwomba alifikishe neno hilo yeye. Mbonea alisita. Alisema mtu aliyepigishwa magoti neno lake huwa jepesi. Angeulizwa amelijuaje, na ingembidi amtaje binti yake.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina mali. Nilichobakiza ni kukaa na wenzangu nikiwa nimenyoosha mgongo. Usininyang'anye na hicho."

Barazani Mzee Semboja aliamuru ndiva ijazwe mpaka ukingoni, kwa kuwa mwaka uliopita masika yalichelewa na watu wakalala njaa. Nakijwa alijikuta amenyanyuka. Hakuwa ametamka hata neno moja. Mzee Semboja alimwona, akatabasamu.

"Leo mikono imeota mdomo?"

Watu wakacheka. Nakijwa alimgeukia baba yake, akamkuta ameinamisha kichwa, viganja vyake viko magotini, kama mtu anayejiandaa kushuka chini. Binti akaketi.

Mwaka huo masika hayakuchelewa. Mvua ilinyesha bila kupumzika, na asubuhi moja baragumu likalia. Vijana walitangulia kufika kwa kuwa ndio wenye miguu. Walikuta ukuta umevimba, na tope linatoka kwa chini likibubujika kama uji jikoni. Mzee Semboja na wazee wengi walikuwa matangani, ng'ambo ya kilima. Na bondeni walikuwapo watu walioshuka mapema kuokoa maharage yasiozee shambani. Mmoja wao alikuwa Mzee Mbonea.

Kizibo kilikuwa pale na kamba yake ilikuwa pale. Wakivuta, maji yangeshuka kwa mfereji na ukuta ungepata nafuu. Kijana mmoja, Kiangi, aliishika kamba kwa mikono miwili.

"Sema tu, Nakijwa. Ukisema, tunavuta."

Nakijwa alifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, vuteni, neno alilolisema kila siku ya kazi. Lakini alichokiona mbele yake ni baba yake amepiga magoti, na safari hii si kwa mtungi wa dengelua. Safari hii ni kutengwa, mzee wa watu azeeke bila mtu wa kumwomba moto, afe bila wa kumzika. Akasikia sauti yake mwenyewe inasema maneno aliyofundishwa tangu utotoni.

"Tuwangoje wazee."

Wakangoja. Hapo ndipo panaponiuma kila ninapoisimulia. Walikuwa wengi, walikuwa na nguvu, walimpenda na wangemtii, na wakangoja. Mmoja alitumwa mbio matangani. Hakuna hata aliyepiga ukunga kuwaonya wa bondeni, kwa sababu hakuna aliyewaambia wapige ukunga. Mzee Semboja alipotokea kilimani anakimbia kwa umri ule, anapunga mkono kwamba vuteni, vuteni, ukuta ukakatika.

Mzee Mbonea alipatikana kesho yake kwenye mchanga. Wengine hawakupatikana kabisa.

Baada ya maombolezo baraza lilikaa tena. Mzee Semboja, amekonda, alimwita Nakijwa aje akae mbele, mahali ambapo kijana hakuwahi kukaa. Hakuwa na hasira. Alitaka kuelewa tu.

"Binti Mbonea, mlikuwa wengi pale. Kizibo mlikiona, na bonde mlikuwa mnaliona. Kwa nini hukusema?"

Nakijwa akajibu.

"Nilitaka kusema, babu. Ulimi ulikataa. Ulimi uliofungwa barazani haufunguki mtoni."

Hakuna aliyecheka. Mzee Semboja alisimama, akatangaza kwamba tangu siku ile mtungi umevunjwa, na kila kijana wa Nkombeni anaweza kusema. Akawageukia waliokaa nyuma, akawaomba shauri: ndiva ijengwe wapi na ianzwe vipi. Vijana wakatazama chini. Akawaomba tena, sasa anawabembeleza kama mtu anayebembeleza mtoto ale. Wakazidi kuinama. Walikuwa wamepewa walichonyimwa, ila hawakujua tena wakifanyie nini.

Msaragambo uliofuata baragumu lililia, wakaja wachache. Uliofuata huo, wakapungua. Vijana waliondoka mmojammoja kwenda kwenye mkonge, na Nakijwa akaondoka nao, hajulikani alikoishia. Kwa miaka kadhaa wapita njia walimwona Mzee Semboja kwenye kijito akipanga mawe peke yake, na kila masika kijito kikayabeba. Alipokufa, hapakuwa na wa kutosha kuchimba kaburi. Iliwabidi waombe watu kijiji cha jirani. Nkombeni ya leo ni pori.

Juzi mwenyekiti aliwauliza kuhusu maji ya kisima na kuhusu walimu wa shule yenu, mambo ambayo mkiwa njiani mnayasema mpaka mate yanawakauka. Mlipoinama, Bibi Nambike hakuwa anawatukana nyinyi. Alikuwa anatutazama sisi wazee tuliokaa mbele, maana ni sisi tuliowalea. Ulimi uliofungwa barazani haufunguki mtoni.