Nusu ya Mwanga

Wapendwa, walikuwepo dada wawili wa tumbo moja, wapiga picha wote. Mkubwa alikuwa na studio mjini. Mdogo alibaki milimani na mama yao. Walipenda kazi ya zamani, ya mkanda wa filamu, na walikuwa na mchezo wao. Mdogo anapiga picha thelathini na sita, anaurudisha mkanda mwanzo, anautuma kwa basi. Mkubwa anautia kwenye kamera yake na kupiga tena juu ya zile zile, bila kuuliza kuna nini. Ukisafishwa, picha mbili zimelala katika moja: uso wa mtu wa milimani, na ndani yake ngazi za mjini.

Sharti lilikuwa moja. Kila mmoja achukue nusu ya mwanga tu. Ukiimwagia filamu mwanga wote peke yako, picha ya mwenzako inaungua, kwa sababu picha ya mwenzako hukaa pale ulipoacha giza.

Siku moja wakazionyesha ukumbini. Mgeni akasimama mbele ya yule mkubwa.

"Hizi nyuso kapiga nani?"

"Mdogo wangu."

"Huyo Mungu kampa jicho! Na wewe je?"

"Mimi nimepiga majengo."

"Aa, kumbe haya maukuta ndiyo yako." Akacheka, akasogea.

Neno dogo tu. Lakini alilala nalo, akaamka nalo. Mkanda uliofuata ulipofika, akapanda juu ya ghorofa saa sita mchana, akaifungulia kamera mwanga wote, akapiga anga, mabati yanayong'aa, kuta nyeupe. Safari hii, akajisemea, wataniona mimi.

Kabla hajausafisha, simu ikalia. Mama amefariki.

"Dada, jikaze," mdogo alisema, naye analia. "Mama tunaye. Si unajua tangu baba afe hakutaka kamera? Juzi juzi kaniita mwenyewe: nipige, mwenzio huko mjini anione. Mkanda mzima ni yeye. Njoo nao, tuchague ya kuweka juu ya jeneza."

Jamani! Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Akakata simu. Akausafisha mkanda. Anga. Mabati. Anga. Katika picha moja tu, palipoangukia kivuli cha tangi la maji, ulibaki mkono wa mama, umeshika upawa.

Msibani akasema, "Mkanda ulikuwa mbovu."

Mdogo akamkumbatia. "Pole, Dada. Wewe ndiye uliyekuwa hujamwona siku nyingi. Si kosa lako."

Pole ile ikamwingia kama kisu. Wakamzika mama bila picha, na yule dada mpaka leo hajasema.

Tusimcheke. Ni mara ngapi sisi tumesikia mwenzetu akisifiwa, hapa hapa kanisani, tukaenda kutafuta jua la saa sita? Mume anaongea mpaka mkewe haonekani. Mzee wa kanisa anaomba mpaka wengine wanasahau walichotaka kumwambia Mungu. Na hatujui, wapendwa, hatujui kamwe tunamfuta nani.

Na wewe uliyekwisha kumfuta mtu, nawe unajijua, usiendelee kupokea pole yake. Toka hapa, mtafute, mwambie ukweli, angali bado anakuita Dada.