Jiwe la Mtambiko

Kilichotulia ki safarini.

Mmemsikia Bibi Naetwe akisema hivyo asubuhi, alipowakataza kuegemea ule ukuta wa zizi, nanyi mkacheka. Mnauliza kitu kilichotulia kitasafirije. Basi ketini. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Upare, waliishi ndugu wawili, Kirenga na mdogo wake Mkwizu. Nyumba ya Kirenga ilikuwa mteremkoni, chini ya jiwe kubwa lililoshikana na mlima, ambalo wazee wa ukoo walilitambikia. Mkwizu alijenga kando, ng'ambo ya mfereji. Alikuwa mfuga nyuki, mtu wa kuwaza mpaka chakula kikapoa mbele yake.

Siku moja aliona bumba la nyuki limening'inia mtini. Kwa mbali lilikuwa kitu kimoja, cheusi, kimetulia kama kibuyu. Aliposogea hakuona kibuyu. Aliona nyuki, maelfu kwa maelfu, na hata mmoja hakuwa ametulia. Alirudi nyumbani. Akawaza, na jiwe je? Huenda nalo ni vitu vidogo mno, visivyoshikika kwa macho, vinavyohangaika humo ndani bila kupumzika, nasi tunauona ugumu tu kwa sababu macho yetu hayafiki.

Alipomweleza kaka yake, Kirenga alicheka. "Kama vinahangaika, mbona kigoda hiki kimenibeba?"

"Kwa sababu vimeshikana, kaka. Kinachokubeba si utulivu, ni kule kushikana."

"Na vikiachana?"

Kirenga aliuliza kwa mzaha, lakini swali lilimchoma Mkwizu kama mwiba usiotoka. Tangu hapo kila alipopita alilitazama lile jiwe. Alipanda mlimani, akaziba kwa udongo ufa mwembamba uliokuwa kati ya jiwe na mlima. Udongo ukapasuka. Mkewe, Nanzia, akamwambia kwamba udongo wowote ukikauka hupasuka. Alijua ni kweli, wala hilo halikumpa raha. Aliziba tena, akichanganya na samadi kama wanavyosiliba kuta. Ukapasuka tena.

Masika yalipokaribia alimwendea kaka yake, akamsihi ahame. Alisihi mpaka Kirenga akachoka, akaichukua familia yake wakahamia ng'ambo ya mfereji. Mvua zilinyesha. Kila ngurumo ilipopiga Mkwizu alisimama mlangoni, akitazama mlimani. Mvua zikaisha, na jiwe lilikuwa palepale.

Watu walimcheka sana. Kirenga alirudi kwake, na kwa muda mrefu hakumsemesha mdogo wake. Mkwizu naye akaacha kupanda mlimani. Alijiambia kwamba yeye ni mwoga tu, aliyeona nyuki akazua mambo. Hata hivyo akila aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akainama tena kwenye sahani, na Nanzia alijifanya haoni.

Kiangazi kilikuja kikali, ardhi ikakauka hadi ikapiga kelele chini ya miguu. Mchana mmoja hakuvumilia tena, akapanda. Ule ufa, ambao zamani haukupitisha kidole, uliumeza mkono wake mpaka kwenye kiwiko.

Alishuka mbio, akamkuta Kirenga ndani, anachonga mpini wa jembe.

"Kaka, toka. Jiwe limeachana na mlima."

"Mdogo wangu, utanihamisha mara ngapi?" Kirenga hakuinua macho. "Mvua ilishindwa kulisogeza. Leo litasogezwa na jua? Babu yetu alilikuta hapo, akaliacha hapo."

Mkwizu aliona maneno hayatamtoa. Basi akaketi chini, mgongo ukutani, upande uleule wa jiwe.

"Unafanya nini?"

"Nakaa nawe."

Punde Nanzia alifika akihema, mtoto mgongoni, maana alimwona mumewe akikimbia. Alimtazama mumewe, akaelewa. Akaketi kando yake.

Kirenga aliweka mpini chini. "Shemeji, mtoe mtu wako."

"Hatoki bila wewe, shemeji. Nami sitoki bila yeye."

Kirenga akamtazama mdogo wake.

"Unatetemeka," alisema.

"Ndiyo, kaka. Naogopa sana."

"Na bado umeketi."

Kirenga alisimama, akasonya, akamwita mkewe aje na watoto. Hakuwa ameamini. Aliona tu kwamba hawezi kumwacha mtu mwenye hofu ile akae hapo kwa ajili yake.

Walivuka mfereji. Watoto walikuwa bado wanauliza wanakwenda wapi, jua likiwaka na mbingu haina hata wingu, jiwe lilipoguna, likainama taratibu kama mtu anayeamka, likaporomoka. Vumbi lilipotua hapakuwa na nyumba, wala zizi. Jiwe lilikuwa limesimama bondeni, kwenye konde la viazi.

Kirenga aliketi chini, akaushika mkono wa mdogo wake mpaka jioni.

Miezi ilipita, nyasi zikaota kulizunguka lile jiwe. Watoto wakaanza kulipanda na kuteleza juu yake. Mama mmoja akasema waachwe wacheze, kwa kuwa jiwe sasa limefika, limetulia. Kirenga, aliyekuwa akipita na jembe begani, alisimama.

"Shukeni, wanangu," aliwaambia kwa upole. "Kilichotulia ki safarini."