Namba ya Tarakimu Saba

Yusta alikuwa mkulima wa mihogo huko Mashewa, mama wa watoto wawili. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, mama yake alipopooza na kukosa wa kumwuguza. Miaka kumi na miwili baadaye alirudi kwenye daftari, akifundishwa na Mwalimu Mdoe, mstaafu aliyesomesha watu wazima. Sasa ilibaki nafasi moja ya kusomea ualimu bure, na walioigombea walikuwa wawili: yeye na Hashim wa Handeni, kijana mwenye akili kali kama wembe. Hashim angeweza kujaribu tena mwakani. Yusta alikuwa amebakiza miezi minne kufikia ukomo wa umri.

Siku ya usaili, katika ukumbi mmoja wa Old Korogwe, msimamizi, Mama Grasiana, aliandika ubaoni: 4,849,845.

“Igawanyeni mpaka zibaki namba tasa tupu,” alisema, “zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Bila kikokotoo. Mna nusu saa.”

Yusta aliinakili namba ile kwenye karatasi yake. Akakumbuka Mwalimu Mdoe alivyozoea kumwambia: “Usiitazame yote. Tafuta pa kuanzia.”

Namba iliishia na tano. Akaigawanya kwa tano, akapata 969,969. Akajumlisha tarakimu zake, zikawa arobaini na nane, kwa hiyo ilikubali tatu: 323,323. Akajaribu saba, ikakubali: 46,189. Kumi na moja: 4,199. Kumi na tatu: 323.

Hapo Hashim akaweka kalamu chini na kukabidhi karatasi yake. Ni dakika kumi tu zilizokuwa zimepita. Yusta aliitazama 323. Ilionekana tasa kweli. Alitaka kuandika hivyo na kuinuka. Lakini akarudia kumi na tatu, ikaacha baki. Akajaribu kumi na saba, taratibu, tarakimu kwa tarakimu. Hakikubaki kitu. Jibu lilikuwa kumi na tisa.

Mama Grasiana alisoma karatasi zote mbili, kisha akazisoma tena.

“Hashim, umeishia 323. Hiyo si tasa. Nafasi ni ya Yusta.”

“Niliiona ngumu, mama, nikadhani haiendi popote,” alijibu Hashim kwa sauti ya chini. Akamgeukia mwenzake. “Hongera, dada.”

Yusta alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Alitoka nje, akapiga simu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?”

“Nimeimaliza yote. Nafasi nimepata mimi.”

Upande wa pili akamsikia mzee akipenga kamasi.

“Alhamdulillahi,” alisema hatimaye. “Nenda kawaambie wanao.”

Yusta hakuwa na wembe wa Hashim, wala hakuikata namba ile kwa pigo moja. Aliibandua kidogo kidogo mpaka ikaisha. Ama kweli, bandu bandu huisha gogo.